Chini ya Gari

Ndugu msomaji, kama na wewe ni mmoja wa wale wanaoandika riwaya usiku kwenye kaunta buku, huku wenzio wakikuona umechanganyikiwa, basi haya yanakuhusu. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, matokeo yakaja ya kusikitisha, nikabaki hapa Mto wa Mbu nikipakia ndizi mchana na kuandika usiku. Kufikia Februari 2025 riwaya ilikuwa imekwisha, kaunta buku mbili zimejaa, na sikuwa na hata senti ya kuipeleka steshenari ikachapwe. Bei ilikuwa shilingi 1,000 kwa ukurasa. Shujaa wangu alikuwa dereva asiyeshindwa, anayewakimbiza majangili kutoka Ngaresero hadi Arusha ndani ya Land Rover. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kushika usukani wa gari lolote.

Mwezi huohuo mjomba, kaka yake mama, aliuza ng'ombe 11 na kiwanja chake cha kando ya barabara. Jumla akapata milioni 24. Alitaka gari la mtumba la kubeba watu na mizigo siku za mnada, kutoka kwetu kupitia Engaruka mpaka ndani kwenye maboma. Wanaoijua njia hiyo wanajua. Kiangazi ni vumbi linaloingia mpaka kwenye meno, masika ni udongo mweusi unaoganda kwenye tairi kama ugali, na katikati yake yapo makorongo ambayo asubuhi unayavuka mkavu na jioni unakuta mto. Lami watu wanaitaja kila uchaguzi. Lakini hata ikija, boma haliko kando ya lami.

"Wewe umesoma," mjomba akaniambia. "Madalali wa Arusha watanimeza mzima. Tangulia wiki moja, uliza, andika. Nikija uniambie ni gari ipi."

"Kaka," mama akasema, "huyu anajua kuandika, hajui magari."

"Si ndiyo hiyohiyo, dada? Anayejua kuandika anajua kuuliza."

Nikapewa nauli, nikaenda kulala kwa binamu yangu anayefanya kazi gereji.

Ukitaka kuona watu wazima wakikaribia kupigana pale Arusha, nenda kijiweni useme Land Rover ni bora kuliko Land Cruiser, au kinyume chake. Huu ni ugomvi wa kidini. Wa Landi watakwambia gari lao ndilo lililofungua porini, kwamba lilianza 1948 Uingereza wakati chuma ni cha mgawo baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Wa Kruza watakujibu kwamba mwaka 1951 gari lao lilipanda mlima Fuji kule Japani hadi kituo cha sita, na tangu hapo halijashuka. Mjomba mwenyewe alikuwa Arusha Oktoba 2024, wenye Landi walipokusanyika kwa tamasha lao na msafara ukajaza mji, na tangu siku ile moyo wake ulikuwa umeegemea upande mmoja. Nilidhani hivyo.

Fundi mkuu wa ile gereji ni mzee wa maneno machache. Binamu alipomwambia kwamba mimi ni mwandishi, akaniambia nimsomee. Nikafungua ukurasa niliouona mtamu kuliko zote: shujaa anafika kwenye lami ya Makuyuni, anafunga difu, anakanyaga mafuta, Land Rover inaruka kama swala kwa spidi 140.

Mzee akaweka spana chini. Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

"Afunge difu juu ya lami? Basi majangili wamepona."

Akanieleza, na ninakueleza na wewe usije ukaaibika kama mimi. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Land Rover 110 inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo ina difu ya katikati, inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiifunga kwenye tope, hakuna shida, tairi linateleza kidogo na ile tofauti inatoka. Ukiifunga kwenye lami, tairi zimeshika, tofauti haina pa kwenda, vyuma vinasokotana ndani kwa ndani mpaka kimojawapo kiseme basi. Na usipoifunga kwenye tope, gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia hapohapo, gari linalia na haliendi.

"Na hiyo 140," akamalizia akijifuta machozi, "labda umelitupa kutoka mlimani."

Nilichora mstari kwenye ukurasa ule. Nikageuza kaunta buku, nikaanza kuandika kuanzia nyuma. Huko ndiko nilikofanyia kazi ya mjomba.

Gari la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa Land Cruiser la miaka ya tisini, lile vijana wanaloliita mkonga kwa sababu ya mrija unaopanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo. Mrija ule si pambo. Injini inavuta hewa kupitia pale, na ikivuta maji badala ya hewa imekufa, kwa sababu hewa hubanika lakini maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inagonga maji, vyuma vya ndani vinapinda. Shujaa wangu alikuwa amevuka mto maji yakiwa juu ya boneti, bila mkonga. Mstari mwingine nikauchora.

Chini ya boneti kulikuwa na dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Nguvu yake inatoka taratibu tangu chini, kama mzee anayenyanyuka na gunia. Springi zake ni zile za mabamba yaliyopangana, zinakurusha ukiwa mtupu, lakini ukipakia watu kumi na mbuzi zinatulia. Ekseli ya mbele ni nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kuunganisha magurudumu ya mbele ilibidi ushuke ukazungushe kufuli za habu kwa mkono, kwa hiyo dereva mvivu huzungusha akiwa tayari kwenye tope mpaka magoti. Nililipenda gari lile, sitaficha. Kama ningekuwa na hela ningelichukua siku ileile. Bei ilikuwa milioni 48. Nikaandika "milioni 48", nikapiga mstari chini, nikaendelea.

Kulikuwa na Suzuki ndogo pia, zile nyepesi zinazopita juu ya tope ambalo wakubwa wanazama. Lakini ukishaingia wewe, mjomba na mbuzi wawili, imejaa.

La pili la kuzingatiwa lilikuwa Land Rover 110 ya 1996, milango mitano, milioni 23. Injini ya lita 2.5 yenye tabo, na pampu ya dizeli isiyotumia umeme wa kompyuta, ambayo fundi yeyote wa Karatu anaweza kuifungua. Springi ni za koili mbele na nyuma, ekseli nzima pande zote mbili. Mzee akanionyesha kwa viganja vyake: ekseli nzima gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linasukumwa chini kutafuta ardhi. Tena lile tumbo la difu linabaki kimo kilekile kutoka chini, hata ukipakia mizigo ya namna gani.

Makosa yake niliyaandika yote. Oili ilikuwa inavuja kwenye giaboksi. Mlango wa dereva unafungwa kwa bega. Pale aluminiamu ya bodi inapogusana na chuma palikuwa na unga mweupe, ndiyo kutu yake hiyo. Mkanda wa taimingi haukujulikana ulibadilishwa lini, na ukikatika, injini inajipiga yenyewe. Chesisi: nilitambaa chini yake nusu saa na spana mkononi, nikigonga kila hatua kama daktari. Kutu ya juujuu, lakini sauti ni moja, ngo, ngo, ngo, kutoka mbele hadi nyuma.

La tatu lilikuwa Prado ya 1997, dizeli ya lita 3, milioni 22, inang'aa. Viti laini, redio, na kiyoyozi kinachofanya kazi. Na lenyewe linavuta magurudumu manne muda wote na difu ya katikati ina kufuli. Kwenye lami ukipanda humo halafu ukapanda ile Landi, utadhani umetoka kitandani ukaingia kwenye kisaga nafaka. Tofauti kubwa ni mbele. Prado haina ekseli nzima mbele; kila gurudumu linacheza peke yake. Ndiyo maana ni laini. Lakini ukipakia na likadundia kwenye shimo, tumbo la mbele linashuka pamoja na bodi na kuisogelea miamba. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kijijini Krismasi, gari zuri mno. Pampu yake inatawaliwa na umeme, na ikigoma Ngaresero, si kila fundi ataielewa.

Nikaingia chini. Ukikuta rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu, mzee alikuwa ameniambia, jiulize inaficha nini. Nikagonga: ngo, ngo, ngo. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, pale mkono wa ekseli unaposhikamana na chesisi, spana ikasema dup. Nikakwangua kwa ukucha. Mshono wa kuchomelea, mrefu kama kiganja changu, na pembeni ya mshono chuma kimeliwa. Kiwanda hakina kosa hapo. Gari lilikuwa limepata ajali, au limeozea mahali, mtu akalifunga kiraka na kulipaka wanja.

Nilipotoa kichwa nikakuta viatu vya dalali. Alikuwa amechuchumaa, ananitazama nikiona.

"Dogo," akasema kwa upole kabisa, "wewe unaonekana mtu wa kuelewa. Mzee wako akichukua hii, laki tano yako. Shika hii moja na nusu, tangulia nayo."

"Lakini hiyo chesisi..."

"Chesisi gani? Hiyo rangi tu. Wewe si fundi bwana, wewe ni mwandishi. Nimesikia una kitabu."

Ndugu msomaji, ningependa kukuandikia kwamba nilikataa. Shujaa wangu angekataa, tena angempiga ngumi moja. Mimi nilizipokea. Noti zilikuwa mpya. Saa moja baadaye nilikuwa steshenari nikihesabu kurasa 100 za mwanzo, na yule dada akianza kuchapa. Unajua sentensi yako inavyobadilika inapotoka kwenye mwandiko wako ikawa chapa? Nilisimama nyuma yake nikiisoma kwenye kioo kama ya mtu mwingine, mtu anayejua kuandika. Nikajiambia kwamba chesisi zinachomelewa kila siku, kwamba matrekta yanatembea na viraka, kwamba mjomba hataendesha kwa kasi. Mtu akishakula, hakosi hoja.

Mjomba akaja Jumamosi. Tukayajaribu magari mawili kwenye korongo la mchanga nje ya mji. Tulishusha upepo wa tairi kutoka 36 hadi 18, maana tairi likilegea linatandaza mguu na halichimbi. Landi ikaingia kwa gia nzito, ikinguruma, ikapita polepole bila haraka ya mtu, ikapanda ukingo huku gurudumu moja likining'inia hewani. Mjomba akashuka akijishika kiuno.

Halafu Prado. Ndugu zangu, ilipita. Ilipita vizuri kuliko nilivyotaka, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Kwenye ukingo ilikwaruza chini kidogo, basi. Mjomba akatoka akitabasamu kama bwana harusi.

"Umeona? Mama yako atakwenda hospitali kama mke wa mbunge."

Dalali hakunitazama hata mara moja. Alijua hana haja. Sikutakiwa kusema uongo wowote. Nilitakiwa kunyamaza tu.

Usiku tulikuwa gesti, kitanda kimoja, neti ina matundu. Mjomba alitoa fedha kwenye mfuko wa rambo akazihesabu, na katika kuhesabu akawa anazitaja kwa rangi za ng'ombe. Huyu ni yule mwekundu. Huyu ni yule mwenye baka usoni, aliyezaa mapacha. Alipomaliza akazirudisha, akazilalia, akasema, "Haya, nisomee ulichoandika."

Mjomba aliishia darasa la tatu. Anasoma kwa shida, lakini masikio yake ni ya mtu aliyechunga usiku. Nikafungua nyuma ya kaunta buku. Nikasoma Land Cruiser: injini, springi, ekseli, chesisi, bei. Nikasoma Land Rover: injini, springi, ekseli, chesisi, bei. Nikaanza Prado: injini, springi, ekseli, bei.

"Ngoja," akasema gizani. "Mbona hapo umeruka?"

"Nimeruka nini, mjomba?"

"Chesisi. Zile mbili umesoma chesisi. Hii hukusoma."

Nilipoandika niliacha mstari mtupu pale. Sikuweza kuandika "nzima", na sikutaka kuandika ukweli, basi nikaacha nafasi, kama mwanafunzi anayetumaini mwalimu hataliona swali. Nikakaa kimya. Mbwa akabweka nje mara mbili tatu. Nikamwambia. Nilianza na kile kiraka, na nilidhani ningeishia hapo, lakini akauliza swali moja tu.

"Umekula ngapi?"

"Laki moja na nusu."

"Umebakiza?"

"Hamsini."

"Mia umepeleka wapi?"

Nikatoa zile karatasi zilizochapwa, nikamwekea kitandani. Akawasha tochi ya simu, akazigeuzageuza, akapima uzito wake mkononi kama anayepima nyama. Nilitegemea atanipiga. Ningefurahi. Akazipanga vizuri, akanirudishia, akazima tochi.

"Lala," akasema. "Kesho tuna kazi."

Asubuhi tulikwenda wote kwa dalali. Mjomba akamhesabia 150,000 mbele ya watu: hamsini zilizobaki, na mia kutoka kwenye ng'ombe wake. "Kijana wangu alikosea mfuko," akamwambia. Dalali akataka kupandisha sauti, mjomba akamwomba, kwa adabu, tuingie wote watatu chini ya gari na spana. Dalali akasema ana mteja anamsubiri.

Landi tuliichukua kwa milioni 21. Mzee wa gereji akafunga mkanda mpya wa taimingi na kupandisha juu mirija ya kupumulia ya difu, ili ikiwa zina moto na zikaguswa na maji baridi zisivute maji ndani. Oili inavuja mpaka leo. Mjomba anasema siku ikiacha kuvuja ndipo tujue imekwisha. Kiyoyozi hatuna, tunafungua vijidirisha vya mbele chini ya kioo, vumbi linaingia na abiria wanalalamika. Kuna mama mmoja wa Selela kila akipanda anauliza kwa nini hatukununua gari kama la watu.

Mimi ni konda. Mia ile mjomba aliihesabu kuwa mshahara wa mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili akasahau, au akajifanya amesahau, kwamba deni limekwisha, sikumkumbusha. Kurasa 100 zilizochapwa ziko kwenye boksi chini ya kiti cha katikati, pamoja na jeki na kamba ya kuvutia. Nusu yake nimeshazichora kwa kalamu nyekundu. Majangili sasa wanakimbia kwa spidi 60, na shujaa anashuka kuangalia tairi.

Aprili mvua ilitukuta njiani tukiwa na abiria tisa na magunia ya mahindi. Tulipofika kwenye korongo kabla ya Engaruka, maji yalikuwa yanapita, rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuona chini. Landi yetu haina mkonga. Kiwanda kinairuhusu maji ya nusu mita, si zaidi. Ng'ambo kulikuwa na gari la watalii nalo limesimama, dereva wake anatutazama tufanyeje. Mjomba akazima wimbo, akaacha injini inanguruma. Hakuna aliyesema kitu nyuma, hata yule mama wa Selela.

"Nenda kapime," akaniambia. "Halafu uniambie ulichokiona."

Nikavua viatu, nikachukua fimbo.